Tuhesabu Watoto, Si Shule

Kila mara matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, gumzo katika kaunti za Migori na Homa Bay huwa ni lile lile: shule ipi imeng'ara na ipi imeanguka. Ni nadra kusikia mtu akiuliza watoto wa maeneo haya wametoka shuleni na nini mkononi.

Katika mtihani wa mwaka 2024, watahiniwa 962,512 walifanya KCSE nchini. Waliopata gredi ya C+ na zaidi, ambayo ndiyo kiwango cha kuingia chuo kikuu, walikuwa 246,391, yaani robo tu. Wangapi kati yao ni wana wa Migori na Homa Bay? Swali hili ni jepesi kuuliza lakini gumu kujibu, kwa kuwa gredi huandikwa kwa jina la shule. Shule ya Upili ya Kanga, iliyoko Rongo, ni ya kitaifa na huchukua wavulana kutoka pembe zote za nchi. Kijana wa Machakos akipata A pale, sifa ni ya Migori. Msichana wa Nyatike akipata A jijini Nairobi, sifa huenda Nairobi.

Sensa nayo ina upungufu wake. Ile ya mwaka 2019 ilipata watu 1,131,950 Homa Bay na 1,116,436 Migori, na iliuliza pia kiwango cha elimu. Hata hivyo, sensa humhesabu mtu pale alipolala. Mhitimu aliyehamia Kisumu au Mombasa kutafuta kazi hahesabiki tena kwao. Kaunti yaweza kusomesha vyema na bado ikaonekana haina wasomi.

Kosa kubwa zaidi ni kuwasahau wasiofika mtihanini. Tuchukue mfano wa kubuni. Shule imepokea wanafunzi 100 katika kidato cha kwanza. 60 wakafika kidato cha nne, na 15 wakapata C+. Tutatangaziwa kuwa robo wamefaulu. Ukweli ni kwamba kati ya kila 100 walioanza, 85 hawakufikia kiwango hicho, na 40 hawana cheti chochote cha kidato cha nne.

Isitoshe, wastani wa kaunti huficha mengi. Migori ni mashamba ya miwa ya Awendo, machimbo ya dhahabu ya Nyatike, na Kuria iliyo mpakani mwa Tanzania. Homa Bay ni wakulima wa Kasipul na wavuvi wa Mfangano. Kinachomtoa mtoto shuleni ufuoni mwa ziwa huenda sicho kinachomtoa machimboni.

Jambo hili si la wanatakwimu pekee. Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Bila kujua ni wadi ipi inayopoteza vijana wengi na katika kidato kipi, serikali ya kaunti itajenga karakana pale penye kelele za wanasiasa, si pale penye haja.

Napendekeza basi kila mwalimu mkuu atunze daftari la kila kundi linaloingia: waliotoka wadi gani, waliohama, walioacha, waliofanya mtihani, na walikokwenda mwaka mmoja baadaye. Kaunti ijumlishe hesabu hizo kwa wadi na kuzichapisha bila jina la mtoto yeyote. Nanyi wanafunzi, hesabu hizo zafaa kuwa zoezi lenu la takwimu darasani.

Wapo watakaohofia aibu. Wahenga walikwisha kutuonya: mficha maradhi, kifo humwumbua. Mtoto aliyeacha shule katika kidato cha pili hayumo katika orodha yoyote ya matokeo, ila yumo kijijini, na bado anahitaji ujuzi wa kumlisha.