Jalala Kwanza, Kunguru Baadaye

Haipiti siku barazani bila mtu kumlaani kunguru. Kaiba sabuni, kanyofoa vifaranga, kachafua nguo kambani, kafukuza ndege wengine wa mjini. Yote kweli. Lakini mlalamikaji huyohuyo, akishashusha kikombe chake cha kahawa, humwona mwanawe akimwaga matumbo ya samaki kando ya njia naye asifunue kinywa. Huu ndio mwenendo unikerao: mchana twamtukana mgeni, jioni twampakulia.

Kunguru huyu hakupotea njia. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, zama za Waingereza, ili ale taka za mji. Kazi aliyoajiriwa anaifanya mpaka leo bila mshahara wala likizo. Akaenea Mombasa na Dar es Salaam, na kila alipotua alikuta ameandaliwa. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuwaua kunguru milioni moja. Na wauawe! Lakini nendeni porini, mbali na makazi ya watu, mkamtafute. Hamtamwona, kwa maana huko hakuna jalala. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Wenzetu wanaojua habari za viumbe wamelichimba jambo hili tangu Mwingereza Charles Elton alipoandika kitabu chake juu ya uvamizi wa wanyama na mimea, mwaka 1958. Swali lao si tu mgeni ana nguvu gani. Wanauliza pia mwenyeji ana udhaifu gani, hata mmea uleule ukashindwa hapa na ukatawala pale. Sisi swali hilo la pili hatulipendi, kwa sababu linatuelekea. Nyani haoni kundule.

Twendeni Amani, kule Usambara Mashariki, penye somo lote. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti mwaka 1902, wakapanda mamia ya aina za miti na mimea kutoka pembe zote za dunia. Nyingi zimebaki palepale zilipopandwa, zimenyamaza kama wakwe. Mmoja uliotoka bustanini ni mhesi, na huo si mgeni wa kutoka ng'ambo. Kwao ni Bukoba, Uganda na misitu ya magharibi. Ulipataje kuuingia msitu wa Usambara? Msitu mzima, Mungu alivyoupanga, umebanana: juu majani yamezuia jua, chini mizizi imeshikana, na mche wa mhesi uotao kwenye kivuli hicho hudumaa ukafa. Kisha wakaja wapasua mbao. Miti mikubwa ikaanguka, magogo yakaburutwa, jua likashuka mpaka udongoni. Hondohondo, ambao hula matunda ya mhesi na kuzitema mbegu zake mbali, wakazidondosha kwenye mapengo hayo. Mhesi hukua haraka kuliko miti mingi ya mlimani pale, na kabla wenyeji hawajajikongoja, mwanga wote ulikuwa umekwisha kuchukuliwa. Basi semeni, nani aliuvamia msitu? Mhesi, au msumeno?

Na ziwa letu kubwa ni hivyohivyo. Gugu maji, lenye maua mazuri ya zambarau, asili yake Amerika ya Kusini. Lilipoonekana Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa limewaacha kwao wadudu wanaolitafuna, na huku likakuta maji yaliyorutubishwa kwa kinyesi cha miji, mbolea za mashamba na udongo wa vilima tulivyovinyoa miti. Kulikuwa na siku mitumbwi ya Kisumu haikupata pa kupita. Serikali zetu zikawaleta mbawakavu walao gugu hilo, na wadudu wale maskini wakafanya kazi nzuri sana, wapewe sifa. Lakini mbegu zikalala matopeni, zina uwezo wa kukaa humo miaka mingi, na mvua kubwa za 2006 zilipoyasomba yale yale tuliyoyamwaga, ghuba ya Winam, ile ya Kisumu, ikawa kijani tena.

Sangara ni kisa kingine. Alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akawakuta furu, mamia ya aina, ambao hawajawahi kuishi na samaki mkubwa mlafi kama yeye. Wengi hawakuonekana tena. Najua sangara amesomesha watoto wa watu, nami simtukani.

   

 Na nchi kavu ni hivyohivyo: watu wa Baringo, Kenya, walipandiwa mti wa mathenge mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa nia njema ya kupata kuni na kuzuia jangwa. Nchi ilikuwa imekwisha kulishwa mpaka ikabaki vumbi, nyasi za kushindana nao hazikuwapo, na mbuzi wenyewe wakazipanda mbegu kwa mavi yao. Maganda yake matamu yakawaozesha meno, hata wakazi walipokwenda mahakamani Nairobi waliandamana na mbuzi kibogoyo awe shahidi.

Nanyi wafugaji, watu wa busara mliowashinda wataalamu wengi kwa kujua majani, mwajua wenyewe malisho yakipumzishwa nyasi hurudi. Yapumzisheni kabla miche ya mathenge haijakomaa, maana mti mzima ukikatwa huchipua upya kisikini. Waheshimiwa madiwani wa miji ya ziwani, mitambo ya maji machafu itengenezwe kiangazi hiki, kabla ya masika. Na wewe ndugu wa barazani, ndoo ya matumbo ya samaki ichimbiwe shimo na ifukiwe leo hii, kabla ya magharibi.