Umeme wa Gari na Vyombo vya Kujitengenezea

Vijana wetu wengi wapenda kuunda vyombo vya elektroniki na kuvifunga garini. Ni kazi njema, lakini yataka hadhari. Betri ni ya volti 12, na injini ikiwaka umeme hufika kama 14. Waya wa betri ukichomoka wakati alteneta inachaji, umeme waweza kupanda kupita volti 80 kwa sehemu ndogo ya sekunde, ukakiua chombo.

Basi twawausia: tieni fyuzi karibu na betri, waya usije ukashika moto. Mlangoni mwa chombo tieni dayodi ya kuzuia umeme wa ghafula, na kapasita ya kuutuliza. Nyaya zenu zipite mbali na zile za plagi, ziletazo makelele ya umeme. Wala msifungue betri injini ikiwaka. Fyuzi ni kitu kidogo. Waliomo garini ni amana.