Ndovu Mweupe ni wa Nani?
Juzi redioni diwani mmoja aliliita soko lililokaa miaka bila mchuuzi hata mmoja "ndovu mweupe", na mtangazaji akaangua kicheko. Msemo huo tumeupata kwa Waingereza, lakini ndovu mwenyewe ni wa Siam, Thailand ya leo, ambako alikuwa mnyama mtukufu wa mfalme; hata bendera ya nchi ilimbeba hadi miaka ya 1910. Kazi hafanyishwi, kuuzwa hauzwi, kula anakula. Husimuliwa kwamba mfalme akimchukia mtu wa baraza lake alimtunuku ndovu huyo, akamwacha afilisike taratibu. Zawadi ya mkubwa haikataliwi, hata ikimaliza ghala. Kisa kitamu, ingawa mimi sikiamini sana: mfalme gani agawe ovyo baraka ya kiti chake? Na weupe wenyewe? Mwenye sarakasi P. T. Barnum alipompeleka mmoja Marekani mwaka 1884, watu walilipa kiingilio wakakuta wa kijivu, mwenye mabaka ya waridi. Kinachoniudhi ni diwani: msemo unamsuta mtoaji, naye alikuwamo kwenye kikao kilichopitisha soko lile, leo analizungumzia utadhani lilishuka na mvua.