Gari la Mfalme na Mtoto wa Nyamwaga

Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yalifunguliwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George V wa Uingereza. Miongoni mwa magari ya kale yaliyohifadhiwa humo limo linalohusishwa na mfalme huyo, na limo pia Austin dogo alilotumia Mwalimu Nyerere siku za kudai Uhuru.

Wapo wasemao kwamba gari la mfalme ni uchafu wa ukoloni, liondolewe. Hoja hiyo ni nyepesi. Iran ilipompindua Shah mwaka 1979 haikuyasaga magari yake ya fahari. Iliyahifadhi, na wananchi huyatazama. Ushahidi hautupwi jalalani.

Kinachotakiwa ni maelezo. Kutaja kiwanda na nguvu ya injini ni kazi ya wauza magari. Mtoto aelezwe kwamba fahari ya Serikali ya kikoloni ilibebwa na kodi ya kichwa, kodi iliyowasukuma wakulima kwenda umanamba katika mashamba ya mkonge.

Lakini mtoto wa Nyamwaga, wilayani Tarime, ataelezwa na nani? Dar es Salaam ni mbali mno kwa mfuko wa mzazi wake. Butiama, mkoani kwake Mara, kuna Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, nayo yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Picha za magari hayo na habari za kodi ile zaweza kuwekwa hapo. Maofisa elimu wa Tarime wasingoje waraka. Waandike barua sasa, kabla ratiba za ziara za shule hazijapangwa.