Sauti ya maji humeza sauti ya mzazi

Krismasi iliyopita, kama ilivyo desturi ya familia nyingi za Kilimanjaro, tulirudi kijijini kwa bibi wa watoto. Siku ya tatu nikaona wamezidi kuinamia simu, nikawachukua kwenda kuona maporomoko ya Materuni, nje kidogo ya mji wa Moshi. Mkubwa ana miaka tisa, mdogo mitano.

Njia inapita kati ya vihamba vya migomba na kahawa. Mdogo alitembea mwenyewe bila kulia kwa sababu hakuna aliyemharakisha. Alisimama kugusa kahawa, akasimama tena kumtazama kinyonga. Tulitumia karibu mara mbili ya muda wa mtu mzima, na sikujutia.

Kosa langu lilikuja mwisho. Tulipofika pale maji yanapoanguka kutoka mita 80 hivi, nilimwachia mkono ili nipige picha. Akaelekea kwenye mawe yaliyolowa. Nikamwita. Nikamwita tena kwa nguvu zote. Hakugeuka. Kijana aliyetuongoza ndiye aliyemdaka, mguu ukiwa umeshateleza.

Nilitaka kumchapa. Kisha nikagundua hata mimi sikuwa nasikia vizuri alichokuwa akiniambia yule kijana. Mtoto hakuwa mkaidi. Hakusikia.

Mzazi mwenzangu, ukipanga safari kama hii, kubalianeni ishara ya mkono mkiwa bado nyumbani: mkono juu maana yake simama, hapohapo. Ifanyeni kama mchezo njiani mpaka waizoee.

Karibu na maji, kila mtoto mdogo awe na mtu mzima wake, na mtu huyo asishike simu. Anayetaka picha akabidhi mtoto kwanza.

Wavae viatu vilivyofungwa vyenye soli ya kushika, si kandambili. Bebeni nguo kavu, kwani maji ya mlimani ni baridi na mvuke wake hulowesha hata asiyeoga. Chakula msikimalize kwenye maporomoko. Miguu midogo huchoka wakati wa kurudi.

Muulizeni mwenyeji kuhusu mvua. Ikinyesha juu mlimani, mto unaweza kujaa ghafla huku mlipo jua linawaka. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, njia huteleza zaidi. Akisema leo hapana, rudini hata kama watoto watanuna.

Jioni ile mdogo alimsimulia bibi yake habari za kinyonga, wala hakutaja kuteleza. Kisha akaniuliza, "Mama, tutarudi lini?"

Nikamwambia tutarudi Pasaka, mvua zikituruhusu. Safari hiyo simu yangu itabaki kwa bibi.