Sudoku siyo ramli, jamani!

Leo naomba niwaudhi baadhi yenu. Najua wengi mnaopita hapa mnajaza Sudoku: kwenye daladala, kwenye foleni ya benki, wengine (mnajijua) kikaoni huku bosi anaongea. Hilo halinisumbui. Ugomvi wangu ni na wale wanaobahatisha.

Juzi jamaa mmoja kazini kachukua gazeti, kachomoa kalamu ya wino, kaanza. "Hapa naweka 7, panakaa kama 7." Robo saa baadaye mstari wa kusimama una 4 mbili. Unajua kasema nini? "Hawa wamekosea kuchapa." Ebo!

Turudi kwenye msingi. Kuna visanduku 81. Kila mstari wa kulala, kila mstari wa kusimama na kila boksi la tatu kwa tatu lazima liwe na tarakimu 1 mpaka 9 bila kurudia. Basi. Hakuna kujumlisha wala kutoa, kwa hiyo ule utetezi wa "mimi hesabu zilinishinda tangu sekondari" hauna kazi hapa. Weka herufi au picha za matunda badala ya namba, fumbo litabaki lile lile.

Anayetambuliwa kuwa mbunifu wake ni Howard Garns, msanifu majengo mstaafu wa Marekani. Fumbo lilitoka mwaka 1979 kwa jina la Number Place. Mwaka 1984 Wajapani wa Nikoli wakalichukua, na jina la Sudoku likatoka kwao. Kisha Wayne Gould, raia wa New Zealand aliyekuwa jaji Hong Kong, akaandika programu ya kuyatengeneza na kuyafikisha kwenye gazeti la The Times la London, Novemba 2004. Msanifu majengo na jaji! Hebu niambie, ungependa yupi kati yao awe mtu wa kubahatisha?

Kazi yenyewe ni kuondoa yasiyowezekana. Mstari una 1, 2, 4, 5, 6, 8 na 9. Zimebaki 3 na 7, na visanduku viwili. Kimoja kimekatwa na mstari wa kusimama wenye 3 tayari. Basi hapo ni 7, na hakuna mjadala. Ukikwama, geuza swali. Badala ya "hiki kisanduku kina namba gani?" uliza "katika boksi hili, 5 inaweza kukaa wapi?" Mara nyingi utakuta 5 za majirani zimeshafunga milango yote isipokuwa mmoja.

Na fumbo lililotengenezwa vizuri lina jibu moja tu. Mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake, kwa msaada wa kompyuta, walionyesha kuwa namba 16 za kuanzia hazitoshi kamwe kuleta jibu moja. Angalau ziwe 17. Maana yake ni kwamba unachohitaji kimeshawekwa mbele yako. Ukibahatisha, umekataa kukisoma.

Najua kuna atakayesema, "Mbona kompyuta nazo hujaribu namba, zikikwama zinarudi?" Kweli. Lakini kompyuta inakumbuka kila hatua iliyopita. Wewe ukijaribu kwa penseli, ukaweka alama pale ulipoanzia, ukafuata mpaka igongane, mimi nakupa mkono, maana hiyo nayo ni njia ya kuondoa. Mwenye wino hana pa kurudi. Ubaya wa namba ya kubahatisha ni kwamba haipigi kelele siku unapoiweka. Inakaa kimya, unajenga juu yake visanduku thelathini, halafu nyumba nzima inaanguka na hujui tofali bovu ni lipi.

Kwa nini nimepandwa na hasira hivi kwa ajili ya mchezo? Kwa sababu na mimi nilishaweka namba kwa wino. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa kwenye nyumba iliyoungua. Majirani wakasema umeme. Nikaandika umeme, kwa kuwa "huwa ni umeme". Zimamoto walipomaliza kazi yao, kumbe ilikuwa mshumaa. Lakini mtaa ulikuwa umeshaamua kwamba yule mzee alijiunganishia umeme wa wizi. Kapoteza nyumba, kisha kapoteza jina. Sahihisho letu lilikuwa mistari mitatu, ukurasa wa ndani.

Sikuwa nimedanganya. Nilijaza kisanduku kabla ya kuondoa majibu mengine.

Kwa hiyo ukiona nakaa dakika kumi nakodolea macho boksi moja, usiniambie "weka tu chochote uendelee". Kisanduku kitupu hakina aibu. Kiache kitupu mpaka ujue.

Naomba kutoa hoja. Mwenye kupinga aje, ila aje na penseli.