MAMBO YA NYUMBANI: Maua ya Sukari

Arusi na Idi zikaribiapo, mabinti wengi hutamani kuipamba keki kwa mikono yao wenyewe, kwa mawaridi na majani yafinyangwayo kwa donge la sukari ambalo mafundi huliita gampesti. Tamaa hiyo ni njema, wala sanaa ya sukari si ngeni katika nchi za Kiislamu. Msafiri Nasir Khusraw, aliyekaa Cairo katika karne ya 11, ameandika kwamba aliona katika karamu ya Idi ya Sultani mfano wa mti wa mchungwa uliofanywa wote kwa sukari, matawi yake na majani yake.

Lakini kabla hatujaigusa sukari, yatupasa tuulize: donge hili limeshikamanishwa na nini? Sukari peke yake haikubali kusukumwa ikawa nyembamba kama karatasi. Haina budi itiwe gundi. Zamani mafundi walitumia tragakanti, nayo ni utomvu wa vijiti vya miiba viotavyo Iran na Uturuki. Siku hizi aghlabu hutumiwa unga mweupe uitwao CMC, utokanao na ufumwele wa mimea, ambao katika pakiti huandikwa pia E466. Viwili hivi asili yake ni mimea. Illa yapo madonge yatiwayo gelatini, nayo hutolewa katika ngozi na mifupa ya wanyama, na nguruwe ni miongoni mwao. Wanazuoni wamekhitalifiana juu ya kitu kilichogeuka dhati yake; lakini ikiwa gundi ya mimea ipo, kwa nini tujitie katika shaka? Basi donge la dukani lisinunuliwe mpaka pakiti isomwe.

Mwenye kuanza na atengeneze lake mwenyewe. Achukue ute wa yai moja, sukari ya unga laini gramu 225, CMC vijiko vya chai 3, na mafuta mgando ya mimea kijiko cha chai 1. Aupige ute kidogo, atie sukari pole pole, kisha CMC, na mara ataona donge linakaza. Alikande kwa yale mafuta, alifunge vizuri katika mfuko wa plastiki, alilaze siku moja katika friji. Kwa kuwa ute huo haupikwi, watoto wadogo, wazee na wajawazito wasipewe kula maua hayo, isipokuwa umetumiwa ute wa unga uliokwisha kusafishwa kwa joto.

Kosa la kwanza la wanafunzi ni haraka. Donge hili hukauka upesi likiachwa wazi. Basi likatwe kipande kidogo tu, na lililobaki lifunikwe. Kibao na kifimbo cha kusukumia chapati vyatosha, pamoja na wanga kidogo wa mahindi ili lisigande. Kitovu cha waridi kifinyangwe juu ya kijiti na kuachwa kikauke usiku kucha, kwani kikiwa kibichi hakitachukua uzito wa petali. Kisha kila petali ipondwe pembezoni kwa kidole mpaka iwe nyembamba, na ibandikwe kwa maji kidogo sana.

Pwani hewa ina unyevu, nayo hulegeza maua haya. Yahifadhiwe katika sanduku la karatasi mahali pakavu, wala yasitiwe katika friji, maana yakitolewa hutoka jasho na kuanguka. Na rangi ya unga ipakwe kavu kwa brashi, kwani baadhi ya mafundi huichanganya na pombe kali ili ikauke mbio. Vijiti na nyaya ziondolewe kabla ya keki kugawiwa.

Waridi la kwanza litapinda, na la pili pia. Hilo lisimvunje moyo mwanafunzi. Mgeni husamehe petali iliyopinda. Lakini mgeni hasomi pakiti zilizoko jikoni kwetu. Hunyosha mkono akasema Bismillahi, akatuamini. Amana hiyo ndiyo pambo la kwanza la keki, na aliyejifunza kuitunza amekwisha kuwa fundi nusu, hata mikono yake ikiwa ingali mizito.